Maswali ya Bustani: Taji la Miiba, Majani Yake na Utomvu Wake

Barua nyingi zinazofika kwenye safu hii zinahusu taji la miiba, kile kichaka chenye mashina ya kijivu yaliyojaa miiba na maua madogo mekundu, ambacho wataalamu hukiita Euphorbia milii. Nimeona ni vyema kulitenga toleo hili kwa ajili yake. Wasomaji watatambua kwamba ushauri mmoja unajirudia katika majibu kadhaa: mmea huu huchunguzwa kwanza kwenye shina na mizizi, na majani huangaliwa baadaye.

SWALI: Ndugu mshauri, taji langu la miiba lilikuwa limejaa majani. Kiangazi kilipoingia, majani ya chini yalianza kugeuka manjano na kupukutika, na sasa yamebaki yale ya kwenye ncha tu. Nimeongeza maji, ninamwagilia asubuhi na jioni, lakini hali haibadiliki. Je, mmea unakufa? – Mwenye wasiwasi

JIBU: Ndugu msomaji, acha kumwagilia kwanza, kisha tuzungumze.

Asili ya taji la miiba ni Madagaska, ambako huota kwenye miamba na udongo wa mawemawe, mahali ambapo mvua hunyesha kwa msimu na ukavu huweza kudumu kwa miezi. Mmea unaoishi katika hali hiyo hauwezi kumudu kuwa na majani mengi mwaka mzima, kwa sababu maji mengi yanayopotea katika mmea hupotelea kwenye majani. Mvua ikikatika, mmea hurudisha ndani baadhi ya virutubisho vilivyomo katika majani ya zamani, huyaacha yageuke manjano, kisha huyaangusha, na kuendelea kuishi kwa akiba ya maji iliyomo katika shina. Ngozi ya mashina machanga yenyewe ina ukijani, kwa hiyo huweza kutengeneza chakula kidogo hata majani yakiwa yamekwisha. Ulichokiona mwanzoni mwa kiangazi kilikuwa mapumziko ya kawaida.

Kuna jambo jingine linalowashtua wengi. Jani likishaanguka kutoka sehemu ya zamani ya shina, haliotei tena pale pale. Majani mapya hutoka kwenye ncha inayokua na kwenye machipukizi ya pembeni. Kwa sababu hiyo mmea wa miaka mingi huwa mtupu chini, miiba mitupu, huku kila ncha ikiwa na kishungi cha majani. Asiyependa sura hiyo apogoe ncha, machipukizi yatokeze chini yake, lakini asitarajie shina la zamani livae majani upya.

Kinachonitia hofu ni maji ya asubuhi na jioni. Mizizi hupumua, na udongo uliojaa maji wakati wote hauna nafasi ya hewa. Mizizi iliyokosa hewa huanza kufa, kisha ukungu wa kuozesha huikamilisha. Mizizi iliyokufa haivuti maji, kwa hiyo sehemu ya juu ya mmea huonyesha dalili zile zile za kiu, yaani majani kunyong'onyea na kugeuka manjano, na mwenye mmea akiziona huongeza maji tena. Mataji mengi ya miiba yanayokufa vyunguni hufa kwa njia hii.

Ili ujue umefikia wapi, vaa glavu nene na ubonyeze shina pale linapoingia udongoni. Likiwa gumu, tulia. Likiwa laini, limekuwa jeusi au linatoa harufu mbaya, uozo umeshaingia. Kisha chukua ncha ya kisu, ukwaruze ngozi kidogo tu katikati ya miiba miwili. Katika shina zima utaona ukijani chini ya ngozi, na papo hapo tone jeupe la utomvu litachomoza, livimbe, mpaka litiririke kufuata mteremko wa shina. Katika shina lililokufa utakuta rangi ya kahawia, na utomvu hautoki. Ukikuta uozo chini lakini juu bado utomvu unatoka mweupe na kwa haraka, kata sehemu hiyo ya juu uioteshe upya, kama nilivyoeleza katika jibu la kipandikizi hapa chini, kwa maana sehemu ya chini haitapona.

Kuanzia sasa, usimwagilie kwa kufuata saa wala siku. Wakati mmea unatoa majani mapya, ingiza kidole udongoni, na ukikuta sentimita 3 za juu zimekauka, mwagilia mpaka maji yatoke kwenye tundu la chini, kisha umwage yaliyotuama kwenye kisahani. Wakati wa mapumziko, uache udongo ukauke karibu wote kabla ya kumwagilia tena. Chungu kidogo cha udongo wa mfinyanzi kilichopo juani hukauka upesi kuliko ndoo ya plastiki iliyopo kivulini, na kwa sababu hiyo mtu anayekwambia "mara moja kwa wiki" bila kuuliza una chungu gani, anabahatisha.

SWALI: Je, taji la miiba ni jamii ya dungusi? Nilinunua likiwa limepangwa pamoja na madungusi, nami nimelitunza hivyo hivyo. – Mwanafunzi wa sayansi

JIBU: Hapana. Taji la miiba ni la familia moja na mnyaa, muhogo, mbono na ule mti unaotoa mpira wa viwandani, na kama ndugu zake kadhaa, hutoa utomvu mweupe ukikatwa. Dungusi ni wa familia nyingine kabisa, ambayo karibu spishi zake zote ni za asili ya mabara ya Amerika. Makundi haya mawili yalikabiliwa na tatizo moja la ukame, kila moja mahali pake, yakafikia suluhisho linalofanana kwa sura: shina linaloweka maji, na silaha za kuwazuia wanyama wasilitafune.

Ukitazama kwa makini utauona utofauti. Miiba ya dungusi huota kutoka kwenye vijivimbe maalumu vyenye manyoya mafupi, mara nyingi mingi kwa pamoja. Katika taji la miiba hakuna vijivimbe hivyo. Miiba yake imetokana na vile vijani vidogo ambavyo katika mimea mingi hukaa pande mbili za kikonyo cha jani, vikageuka vigumu na vyenye ncha. Ndiyo maana ukitazama shina changa utaona jani likiwa na miiba kando yake, na jani likianguka miiba hubaki.

Kwa mtunzaji, jambo hili lina maana. Dungusi wengi hawana majani ya kudumu na hutumia maji kidogo sana. Taji la miiba likiwa katika ukuaji lina majani halisi yanayotoa mvuke, kwa hiyo linahitaji maji zaidi ya jirani zake wa pale ulipolinunua. Ukilinyima kama dungusi halitakufa, ila litatumia muda mwingi likiwa tupu na maua yatakuwa haba.

SWALI: Mmea wangu ni mzuri, majani mapana ya kijani kibichi, lakini huu ni mwaka wa pili hautoi hata ua moja. Nimeuweka sebuleni karibu na dirisha, na ninauwekea samadi mara kwa mara. Rafiki yangu ana aina yenye maua makubwa sana. Kosa langu ni lipi? – Mpenda maua

JIBU: Makosa ni mawili, na maelezo yako yameyataja yote.

La kwanza ni mwanga. Mahali panapoonekana angavu kwa macho yetu ndani ya nyumba, kwa mmea huu ni kivuli. Taji la miiba linahitaji jua la moja kwa moja kwa saa nne au zaidi kila siku ili lichanue vizuri, na likipata jua la kutwa nzima halitalalamika. Lihamishe hatua kwa hatua, kwanza jua la asubuhi, kisha uongeze, kwa sababu majani yaliyozoea kivuli huungua yakitolewa ghafla na kubaki na mabaka meupe au ya kahawia. Yale mabaka hayaponi, lakini majani mapya yatakayotoka yatakuwa yamezoea.

La pili ni mbolea. Naitrojeni ikizidi, mmea hutumia nguvu zake kutengeneza majani na mashina marefu malegevu. Acha samadi kwa sasa. Baadaye, katika msimu wa ukuaji pekee, utumie mbolea ya maji yenye potasiamu nyingi kuliko naitrojeni, kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Kuhusu ua lenyewe, naomba nikucheleweshe kidogo, maana ni moja ya vitu vinavyostahili kutazamwa kwa kioo cha kukuzia. Vile vipande viwili vyekundu unavyodhani ni petali ni majani yaliyobadilika umbo na rangi. Katikati yake kuna kikombe kidogo chenye tezi za mbochi ukingoni, na ndani ya kikombe ndimo yalimo maua halisi, yaliyopunguzwa kiasi cha kutotambulika: ua la kike moja, ambalo ni ovari tu yenye vishikio vyake, likizungukwa na maua ya kiume ambayo kila moja ni stameni moja, yaani kiungo kinachotoa chavua, bila petali yoyote. Mdudu anayetua pale hudhani ametembelea ua moja kumbe ametembelea kundi zima. Na kwa kuwa rangi ile ni ya majani, hudumu kwa majuma mengi wakati petali za kawaida zingekuwa zimenyauka. Poinsetia, ambayo ni ya jenasi hii hii, hutumia mbinu inayofanana, ila kwa majani makubwa zaidi.

Mmea wa rafiki yako huenda ni chotara. Wakuzaji, hasa nchini Thailand, wamezalisha machotara yenye mashina manene, majani mapana na maua makubwa ya rangi za kila namna, na huko idadi ya maua katika shada moja huhusishwa na bahati. Kama wako ni wa aina ya asili, maua yake yatabaki na upana wa takriban sentimita moja hata ukiutunza namna gani. Mimi binafsi naupendelea huo wa asili, kwa kuwa machotara yale hayastahimili uzembe kwa kiwango kile kile, na yakizeeka huelemewa na vichwa vyake.

SWALI: Mimi ni mzee niliyestaafu, ninapenda kuotesha miche. Vipandikizi vyote vya taji la miiba nilivyojaribu vimeoza. Huvikata asubuhi na kuvipanda papo hapo kwenye udongo wenye mboji nyingi, kisha ninamwagilia vya kutosha. – Mstaafu

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Utaratibu huo ungeotesha mimea mingi, na ndio unaoua huu.

Kidonda cha mmea wenye utomvu kinahitaji muda wa kujifunga. Ukikata shina, utomvu hutiririka, huganda, kisha chini yake mmea hujenga tabaka kavu linalozuia vimelea visipenye. Kipandikizi kikiingizwa udongoni kabla ya tabaka hilo kujengeka, kidonda kinakutana na unyevu na ukungu kikiwa wazi, na uozo hupanda ndani ya shina bila wewe kuuona, mpaka siku unapokigusa kikaanguka.

Fanya hivi. Subiri msimu wa joto ambapo mmea unaanza kutoa majani, kwani katika baridi vipandikizi hukaa tu bila kufanya lolote. Vaa glavu za ngozi na miwani, ushike ncha ya shina kwa koleo au kwa gazeti lililokunjwa mara kadhaa, ukate urefu wa sentimita 8 hadi 10 kwa kisu kikali kilichosafishwa. Chovya mara moja ncha iliyokatwa katika maji ya kawaida mpaka utomvu ukome kutoka, na urashie maji kidogo kwenye kidonda kilichobaki kwa mama mmea. Ondoa majani ya chini. Kisha kilaze kipandikizi kivulini, mahali penye hewa, kwa muda wa wiki moja hivi. Kitasinyaa kidogo, nawe utaona kama unakiua, lakini kiache. Kikiwa tayari, sehemu iliyokatwa itakuwa kavu na ngumu ukiigusa.

Udongo wa kupandia uwe nusu au zaidi mchanga mkubwa wa mtoni au changarawe ndogo, na mboji iwe kidogo. Mchanga laini sana haufai, kwa sababu hushikana na kuziba njia za hewa sawa na udongo wa mfinyanzi. Mchanga wa pwani nao una chumvi. Kizamishe kipandikizi kiasi cha kusimama tu, sentimita 2 au 3. Nyunyiza maji kidogo, kisha usubiri udongo ukauke kabla ya kurudia. Usikifunike kwa mfuko wa plastiki kama wafanyavyo watu kwa vipandikizi vya mimea laini. Mizizi huchukua kati ya wiki tano na nane, na dalili ya kuaminika ni majani mapya yanayoendelea kukua, kwa maana majani mawili matatu ya mwanzo yanaweza kutoka kwa akiba ya shina pekee. Ukikivuta polepole na ukahisi kimeshika, umefaulu.

Kama mche utaishi chunguni daima, usiukimbize kwenye chungu kikubwa. Udongo mwingi usiofikiwa na mizizi hubaki na maji kwa siku nyingi, na hapo tutarudi kwenye barua ya kwanza.

SWALI: Nina watoto wadogo na mbwa. Nimeambiwa utomvu wake hupofusha. Je, ning'oe? – Mama wa nyumbani

JIBU: Dada, hatari ipo na si ya kupuuzwa. Utomvu una kemikali zinazowasha ngozi, na ukiingia machoni husababisha maumivu makali, wekundu na uvimbe, na unaweza kujeruhi kioo cha jicho kiasi cha kuvuruga uwezo wa kuona. Mara nyingi maumivu huongezeka saa kadhaa baada ya tukio, jambo linalowafanya watu wadhani mwanzoni kwamba limekwisha. Utomvu ukiingia jichoni, osha mara moja kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, huku kope zikiwa wazi, kisha mpeleke mgonjwa kwa daktari hata kama anasema amepata nafuu, na umweleze daktari ni mmea gani. Ukimwagikia ngozi, osha kwa sabuni na maji kabla haujakauka. Mnyama au mtoto akiutafuna, midomo na koo huwaka, na kutapika hufuata. Mpeleke hospitali au kwa daktari wa mifugo.

Hata hivyo, utomvu hautoki mpaka mmea ujeruhiwe, na ladha yake kali huwafanya wanyama wengi wauache baada ya kuonja. Kama watoto wako bado wanatambaa au wana umri wa kung'oa kila wanachokiona, ningekushauri umpe mtu mwingine mmea huo kwa miaka michache, au uuinue mahali ambapo hawawezi kufika hata kwa kupanda kiti. Miiba peke yake, ambayo huweza kufikia sentimita 3, inatosha kuwa sababu. Kwa watu wazima, glavu, miwani na kunawa mikono baada ya kupogoa vinatosha.

SWALI: Je, huu ndio mmea uliotumika kutengeneza taji alilovishwa Yesu? – Msomaji wa kanisani

JIBU: Jina limeenea, lakini hakuna ushahidi wa kuutegemea kwamba kichaka cha Madagaska kilikuwako Yerusalemu wakati ule. Ulaya kilifika mwaka 1821, kilipopelekwa Ufaransa na Baron Milius, aliyekuwa gavana wa kisiwa cha Réunion. Jina la milii alilolitoa mtaalamu wa mimea Des Moulins mwaka 1826 ni la kumkumbuka yeye. Wanaolichunguza suala hili kibotania hutaja zaidi mimea ya miiba inayoota yenyewe katika nchi ile, ukiwemo Ziziphus spina-christi, ambao ni wa jenasi moja na mkunazi.

SWALI: Kuna vitu vyeupe kama pamba kwenye maungio ya majani, na sisimizi wamejaa. Nitumie dawa gani? – Bila jina

JIBU: Hao ni vidung'ata. Hufyonza utomvu na kutoa kimiminika kitamu, ambacho ndicho kinachowaita sisimizi. Kabla ya dawa ya dukani, wafute kwa pamba iliyochovywa katika spiriti na kuzungushwa kwenye kijiti, kwa sababu kidole hakipiti kati ya miiba. Rudia kila baada ya siku saba hivi, maana mayai huanguliwa kwa zamu. Zuia sisimizi wasiufikie mmea, kwa kuwa huwalinda vidung'ata dhidi ya wadudu wanaowala. Kama mmea unadhoofika na juu huoni kitu, utoe chunguni utazame mizizi, kwani wapo vidung'ata wanaoishi udongoni.

SWALI: Nimesikia kwamba utomvu wa mmea huu unaua konokono wa kichocho. Tuna bwawa lenye konokono wengi. Naweza kukamua na kumwaga? – Mfugaji

JIBU: Uliyoyasikia yana msingi. Tangu miaka ya 1980 watafiti, hasa nchini Brazil, wameonyesha kwamba utomvu wa taji la miiba uliochanganywa na maji mengi sana huua konokono wa jenasi ya Biomphalaria, ambao hubeba vimelea vya kichocho cha matumbo. Lakini katika majaribio hayo utomvu hupimwa kwa miligramu kwa lita, na nguvu yake haiwi sawa kati ya mmea na mmea. Wewe huna kipimo hicho, na kiasi kikizidi, samaki na viumbe wengine wa bwawani nao hudhurika. Kwa kuongezea, kazi ya kukamua utomvu wa kutosha bwawa zima ingekuweka kwenye hatari ile ile ya macho niliyoieleza juu, siku baada ya siku. Usimwage. Peleka taarifa ya konokono hao kwa ofisa wa afya wa eneo lako, na mpaka hapo wazuie watoto wasiogelee bwawani, nawe uvae buti unapoingia majini.